Gitaa la Ubao wa Moshi

Mjukuu wangu Silvana alipokaza uzi wa mwisho wa gitaa lake na kuupiga, mimi nilikuwa mlangoni napukuchua mahindi. Nikaacha gunzi mkononi nisikilize. Ikatoka sauti kama ya mtu anayeongea huku amejifunika blanketi.

"Bibi, umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

Sikutaka kumuumiza. Nikamwambia, "Linang'aa sana."

Na kweli lilikuwa linang'aa. Lilikuwa mninga mtupu, mbele, nyuma na ubavuni, limepigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja unadhani unagusa shavu la mtoto. Silvana alilipiga tena, akalisogeza sikioni, kisha akaliweka mezani taratibu na kuketi chini kwenye maranda.

"Ni bubu," akasema. "Nimetengeneza meza yenye nyuzi."

Gitaa hilo lilikuwa limeagizwa na Mwalimu Christopha, anayefundisha kwaya kule Matai. Alikuja hapa kwetu Mpui mwezi wa tano, baada ya kusikia kwamba mjukuu wa marehemu mume wangu, Fundi Alois, anaendeleza kazi ya babu yake. Alitaka gitaa moja la mfano. Likimpendeza ataagiza mengine manane, moja kwa kila kigango, yawe tayari Noeli. Lisipompendeza watanunua ya dukani mjini Sumbawanga.

"Nataka mninga," alisema, amesimama katikati ya karakana na kofia yake mkononi. "Mbele mninga, nyuma mninga, ubavuni mninga. Usiniwekee paini, binti. Paini ni ya kenchi za paa."

Hakuna aliyemshangaa. Huku kwetu mtu akitaka kitanda cha heshima anasema mninga. Mlango wa mbele, mninga. Akifariki, watoto wake wanahangaika wampatie jeneza la mninga. Nani angefikiri kwamba kuna kitu duniani kinachotaka mti mwingine? Hata mimi, niliyekaa na fundi miaka arobaini na mmoja, nilipiga vigelegele.

Kwa Silvana magitaa hayo manane ndiyo yalikuwa kila kitu. Kabla ya hapo alikuwa dukani Laela, anapima misumari na kukata nondo. Alikuja kwangu akasema, "Nipe mwaka mmoja, Bibi, kwenye benchi la babu. Nikishindwa kuwa fundi narudi dukani na silalamiki." Mwaka ulikuwa unaisha. Mwenye duka alikuwa ameshamtumia ujumbe kumuuliza kama nafasi yake aishikilie au ampe mwingine. Na Mwalimu Christopha alikuwa anakuja baada ya siku kumi na mbili.

Nikaacha mahindi. Nikaketi naye kwenye maranda.

"Babu yako alikuwa anagonga," nikamwambia. "Hakuuliza mti unaitwaje. Alikuwa anashika ubao pembeni kwa vidole viwili, anaugonga, anasubiri. Ukijibu, anauchukua."

"Mti gani ulikuwa unajibu?"

"Mninga alikuwa anauweka nyuma. Mbele sikumbuki, mke mwenzangu. Mimi nilikuwa napika."

Akacheka kidogo, kwa kuwa huwa namwita mke mwenzangu akiwa na huzuni. Akasimama. Alikuwa na umbo la pili tayari, mbavu na mgongo vimeshagundishwa, kwa sababu siku zote huanza magitaa mawili pamoja ili moja likiharibika asianze upya. Kilichokosekana ni uso wake, ule ubao wa mbele wenye tundu.

Basi tukaanza kugonga. Ee, siku zile! Sijatembea hivyo tangu nilipokuwa msichana. Tuligonga mbao kwenye banda la muuza mbao, zote zilikuwa mbichi, unagonga unapata sauti ya boga. Tuligonga mageti, mabenchi, na kabati la jirani yangu Fransiska. Fransiska aliposikia tunataka kugonga na kitanda chake alishika kiuno.

"Bertilla! Umezeeka mpaka unabisha hodi kitandani?"

"Tunatafuta ubao unaoongea."

"Cha kwangu kinaongea sana, ila si mambo ya kusimulia mbele ya mjukuu."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Lakini alitandua magodoro yote mawili yeye mwenyewe, asubuhi ile ya baridi, ili tugonge chaga moja moja. Hazikujibu. Akatupa maharage ya kupeleka nyumbani, kama vile ni yeye aliyetusumbua.

Siku ya nne nilikuwa jikoni nakoroga uji wa ulezi. Panya akakimbia juu ya kichanja, pale juu ya meko ninapohifadhi mbegu zikaukie moshini. Nikanyanyua mwiko nikakipiga kichanja kwa chini kumfukuza.

Ubao ukajibu.

Nilisimama pale na mwiko juu. Nikapiga tena, polepole. Sauti ikatoka, ikakaa hewani, nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo ikaisha. Moyo ulinienda mbio kama wa binti anayeitwa jina kanisani siku ya kipaimara.

"Silvana! Silvana we! Njoo!"

Alikuja mbio na randa mkononi, akidhani nimeungua. Nikampa mwiko. Akagonga. Akanitazama. Akagonga tena pembeni, kisha katikati, kisha akaweka sikio kwenye ubao wenyewe, shavu lote likawa jeusi kwa masizi.

"Bibi, huu ni mti gani?"

Ilinibidi nifikiri. Alois aliuweka mwaka nilipomwachisha ziwa Leonsi, baba yake Silvana, na Leonsi sasa ana mvi. Mafundi walikuwa wanaezeka zahanati. Zikabaki mbao, wakampa.

"Paini," nikasema. "Zilibaki kwenye kenchi."

Uji ukaanza kushika chini ya sufuria.

Kabla hajagusa kichanja, Silvana alishusha mbegu zangu zote, mahindi na vibuyu vya maharage. Akafunga waya kwenye boriti akazitundika upya, kila kitu mahali panya hawafiki, na akaniuliza kama mkono wangu unafika. Baada ya hapo ndipo akang'oa ubao.

Alipoupitisha kwenye randa, masizi yalitoka kama ganda la kidonda, na chini yake kulikuwa na rangi ambayo sikuitarajia. Moshi wa miaka yote ile ulikuwa umeingia ndani. Ubao ulikuwa wa kahawia inayoelekea wekundu, na mistari yake imenyooka. Karakana ikanukia jikoni kwangu. Aliupasua katikati akaufungua kama kitabu, akaunganisha, akaupunguza unene mpaka ukiuinua juani unaona mwanga kwa mbali. Akaweka vijiti vya ndani. Akagundisha. Nilikuwa siwezi kukaa. Nilikuwa nachungulia kila baada ya muda kama mtu aliyeweka mkate kwenye oveni, mpaka akaniambia, "Bibi, gundi haiharakishwi kwa kutazamwa."

Siku moja kabla Mwalimu hajaja, akafunga nyuzi. Akalipiga.

Sitaki kusema mengi. Niliinuka pale nilipokuwa nimekaa, nikacheza. Na magoti yangu haya.

Alois alikuwa na desturi. Kila gitaa lilikuwa na karatasi ndani, unaiona ukichungulia kwenye tundu: jina la fundi, kijiji, mti wa mbele, mti wa nyuma. Hakuibandika mpaka gitaa liimbe kwanza. Alikuwa akisema mtu akichungulia ajue anachokikumbatia. Na kwa kuwa mikono yake ilikuwa minene, mbandikaji nilikuwa mimi, mkono wangu unapita kwenye tundu bila shida. Kwa hiyo jioni ile Silvana aliandika karatasi, akaipaka gundi, akanipa.

Nilijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, na nasoma polepole, lakini nasoma. Iliandikwa: *Mjukuu wa Alois, Mpui. Mbele mninga. Nyuma mninga.*

Mkono ukasimama.

"Rangi yake ni hiyo hiyo, Bibi," akasema kwa sauti ndogo, hanitazami. "Fundi angejua, lakini Mwalimu ni mtu wa nota. Akisikia paini hata hatalishika. Hatalisikiliza kabisa."

Niliona vidole vyake, viwili vimefungwa kitambaa kwa kukatwa na patasi. Nikafikiria misumari ya Laela. Nikapitisha mkono kwenye tundu, nikabandika.

Jumamosi walikuja na pikapu. Mwalimu Christopha alikuwa na Mama Rozina, mjane mwenye sauti ya pili kwenye kwaya yao, na Flavian, kijana mpiga gitaa. Mwalimu alivua viatu mlangoni, ingawa sakafu yangu ni ya udongo. Niliona, na nikajisikia vibaya zaidi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba. Karibuni, karibuni."

"Mambo, fundi?" Flavian akamwambia Silvana.

"Poa."

Silvana akampa gitaa. Flavian alilipokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda, akagusa uzi mmoja tu. Akainua kichwa. Akagusa wa pili. Kisha vidole vyake vikaanza kukimbia, na sauti ikajaa chumba, ikatoka mlangoni, ikavuka ua. Mama Rozina hakusubiri kuambiwa. Akafumba macho akaimba, na gitaa likambeba. Fransiska akaja mbio na unga mikononi. Watu wawili waliokuwa wanapita na baiskeli wakasimama barabarani.

Mwalimu Christopha alipiga paja lake. "Mninga huo! Mnausikia? Niliwaambia kwenye kikao! Niliwaambia!"

Akachukua simu yake, akawasha tochi, akachungulia kwenye tundu, akasoma kwa sauti, "Mbele mninga, nyuma mninga." Akampa Silvana mkono. "Fundi, manane ni yako. Na usihangaike kutafuta mti. Parokia imeshanunua mninga kwa kibali, upo kwenye gari, nyuso nane zimeshapasuliwa. Flavian, shusha mbao."

Flavian akaweka gitaa chini, akainuka.

Nilimtazama Silvana. Alikuwa amepewa kila alichokitaka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka. Mimi nami nilikuwa naona alichokiona yeye: magitaa manane bubu, yanang'aa, mbele ya watu siku ya Noeli.

"Mwalimu," akasema. "Mbao zisishuke."

"Kwa nini?"

"Hiyo karatasi ni ya uongo. Nyuma ni mninga. Mbele ni paini."

Nikasema, "Na aliyeibandika ni mimi, baba. Niliisoma kwanza."

Mwalimu Christopha alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alivaa viatu vyake, akafunga kamba, akaenda mpaka kwenye gari akashika mlango.

"Flavian, panda. Mama Rozina, twende."

Mama Rozina hakutoka kwenye kiti. "Mimi nilikuja kusikia gitaa," akasema. "Sikuja kununua mti."

"Wametudanganya, Mama!"

"Wametudanganya, ndiyo. Lakini masikio yangu hayakudanganywa, na yako pia. Binti, lile la mninga mtupu unalo?"

"Ninalo, Mama."

"Lete. Mwalimu, wewe si una masikio ya nota? Geukia barabarani. Flavian apige yote mawili, useme unalotaka kwenda nalo Matai. Ukitaja la mninga, tunaondoka, na mimi mwenyewe nafunga mlango wa gari."

"Mninga nitaujua hata nikiwa usingizini," Mwalimu akasema, na akageuka. Alikuwa amekasirika, na nadhani alitaka kuthibitisha kwamba hasira yake ni ya haki. Jambo hilo ndilo lililotuokoa.

Flavian akapiga moja. Akapiga la pili.

"La pili," Mwalimu akasema bila kugeuka.

Flavian akatukonyeza, akabadilisha.

"La kwanza. Usinichezee, Flavian, umebadilisha."

Flavian akarudia mara ya tatu, na ya nne. Mimi nilikuwa nimemshika Fransiska mkono, unga wake wote ukawa kwenye nguo yangu.

Mara ya nne Mwalimu alichagua lile lile tena. Barabarani lilipita lori la mahindi, vumbi likatua. "Hilo nililolichagua mara zote," akasema, "mbele yake ni nini?"

"Paini, Mwalimu," Silvana akajibu. "Ya kenchi. Ilibaki walipoezeka zahanati, kabla sijazaliwa."

Flavian alicheka mpaka akakosa pa kushika, akakaa chini na gitaa mapajani. Mwalimu Christopha hakucheka. Aliketi kwenye ukingo wa nyuma wa pikapu, juu ya mbao zake za mninga, akavua kofia.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili nimepigania mninga kwenye kikao. Kuna mzee alisema tununue ya dukani, nikamwambia hajui kitu. Nirudi niseme nini?"

Kisha akamtazama Silvana. "Ningeshusha hizi mbao, ungenitengenezea magitaa manane yasiyosema kitu."

"Ndiyo maana nimesema."

"Umechelewa kusema."

"Nimechelewa, Mwalimu. Nisamehe."

Alizungusha kofia mikononi. "Lakini umesema baada ya kuwa umeshapata kazi," akasema, sasa kwa sauti nyingine. "Ungeweza kunyamaza leo, ukaja kusema mti ulikuwa mbaya. Ningekuamini. Mimi ndiye niliyeuleta."

Mama Rozina akaona moyo wake umelegea kidogo, akaingilia hapo hapo. "Mwalimu, mgongo na mbavu vinataka mninga, si ndiyo, fundi? Basi kikao kimepata mninga wake. Kuhusu nyuso, hata jikoni kwangu kuna ubao wa paini mweusi kuliko sufuria. Tangu enzi za mama mkwe. Kila kigango kitafute wa kwake."

"Si kila ubao utajibu," Silvana akasema haraka. "Lazima nigonge. Ukikataa nitaurudisha."

"Urudishe," Mwalimu akasema. Akasimama. "Lakini siondoki na karatasi ile."

Basi nikalowesha kitambaa kwa maji ya moto, nikapitisha mkono kwenye tundu, nikaisugua taratibu mpaka ikaachia. Ilitoka vipande vitatu. Silvana akakata karatasi nyingine. Aliandika amesimama, kwenye benchi, sisi wote tumemzunguka kama tunatazama mtu anayetolewa mwiba. Mwalimu akaichukua kabla haijapakwa gundi, akasoma kama anavyosoma somo kanisani.

"*Mjukuu wa Alois, Mpui. Mbele paini ya jikoni. Nyuma mninga.*" Akaiteremsha. "Huyu mjukuu wa Alois hakubatizwa?"

"Alibatizwa," nikasema mimi, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Anaitwa Silvana."

"Basi aandike. Nikiwa na malalamiko nimtafute nani, marehemu?"

Karatasi ya tatu ikaandikwa. *Fundi Silvana.* Herufi zilikuwa kubwa mpaka "Mpui" ilibidi ishuke mstari wa chini. Nikaibandika, nikaibonyeza kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka mia moja ili isije ikanyanyuka pembeni.

Walishusha mbao. Mwalimu Christopha mwenyewe alibeba mbili begani, na suruali yake ya kanisani. Akaondoka na gitaa amelipakata mbele, Flavian nyuma kwenye baridi, analalamika kwamba mpiga gitaa ndiye aliyestahili kulipakata.

Silvana akamwandikia mwenye duka wa Laela kwamba nafasi ampe mwingine. Alinionyesha kabla hajatuma. Alikuwa amemshukuru kwa kumngoja, na nikaona hilo limekaa vizuri.

Leo ni Jumatano. Tangu Jumatatu watu wanateremka kwenye mabasi na mbao nyeusi kwapani, wengine wamezifunga kwenye baiskeli. Mama mmoja wa kigango cha mbali aling'oa ubao wake huku mbegu zikiwa juu, ameketi uani kwangu anachambua maharage yaliyochanganyika, na hana haraka. Zimefika kumi na mbili, tano zimejibu. Wa Mama Rozina haukujibu kabisa, na amekasirika, anasema tumeugonga vibaya. Silvana ameugonga tena mara tatu kwa heshima.

Siwezi kuandika zaidi. Wameleta mwingine, mpana, na masizi yake ni mazito kama kidole. Silvana ameuinua kwa vidole viwili na anawaambia watu wote uani wanyamaze.